Tundu, Kinyweleo na Bawabu: Maneno ya Dawa Iendayo Ubongoni

Mwaka 1885 Paul Ehrlich, tabibu wa Kijerumani, alitia rangi katika damu ya wanyama, akaona kwamba viungo karibu vyote vimetwaa rangi ile isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, aliitia rangi katika majimaji yazungukayo ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukatwaa rangi, na mwili uliosalia ukabaki kama ulivyokuwa. Mwaka 1967 hadubini ya elektroni ikaonyesha, katika panya, kwamba seli za kuta za mishipa myembamba ya ubongo zimebanana hata hazina mwanya.

Aghalabu ukuta huo huitwa kizuizi. Neno hilo lasema nusu tu ya habari, maana ukuta huohuo hupitisha sukari, ambayo ubongo hauishi bila yake, na hurudisha nyuma dawa nyingi. Mwenye kuchagua wa kuingia huitwa bawabu.

Mwaka 1992 wataalamu wa kampuni ya Mobil walitangaza MCM-41, aina ya silika, kitu kilekile kilichomo katika mchanga na kioo, yenye njia zilizopangika kama sega la nyuki. Upana wa njia hizo ni nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 2001 María Vallet-Regí na wenzake, huko Madrid, walitia dawa ya ibuprofen ndani yake, ikawa yatoka kidogo kidogo. Tangu hapo zimebuniwa punje ambazo njia zake huzibwa, zikazibuka penye asidi. Nyingine hupachikwa transferini, protini ambayo bawabu huitambua na kuipokea. Kwa upande wa ubongo, mengi ya hayo yangali majaribio ya maabara na ya wanyama.

Sasa, punje hizo ziitweje? Mfasiri mwenye haraka huandika “zenye matundu”. Lakini ndoo yenye matundu ni ndoo mbovu, na mgonjwa asomaye karatasi ya kuridhia majaribio atadhani kwamba dawa yake yavuja. Mtungi wa udongo haukutoboka, na hata hivyo hutoa jasho, na maji yake hupoa. Ngozi nayo ina vinyweleo, ambavyo jasho hupita humo bila mtu kuviona. Basi “silika yenye vinyweleo” ndiyo tafsiri ya kweli zaidi. Yaweza kusemwa kwamba neno hilo humkumbusha mtu malaika ya mwilini. Lakini hakuna atakayetafuta nywele katika mchanga.

Neno “kutoa” pia halitoshi, kwa kuwa hata ndoo iliyotoboka hutoa maji. Dawa iliyozuiliwa makusudi, kisha ikapewa ruhusa kwa kipimo, huachiliwa. Na tendo hilo lafaa kuitwa uachiliaji wa kiasi.