Keki za ndizi na mtindi: Kitafunwa cha shule unachoweza kuoka nyumbani

Mbeya. Kengele ya mapumziko inapogongwa shuleni, watoto wengi hukimbilia kwenye meza za wauzaji walio karibu na geti. Huko kuna pipi, biskuti, ubuyu wa rangi na maandazi yaliyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika mara nyingi. Mtoto hushiba kwa muda, lakini mwili wake unakuwa umepata zaidi sukari na wanga.

Kwa mzazi anayeishi Uyole, jambo hili linashangaza kidogo. Ndizi mbivu kutoka Rungwe hushushwa hapa kila siku, maziwa hupatikana kwa wafugaji wa jirani, mayai yapo na matunda hayakosekani. Tatizo ni kwamba vyakula hivyo mara nyingi huishia sokoni, na vinavyofika kwenye sahani ya mtoto ni vichache.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa tatizo hilo katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa na asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Yote ni mikoa inayolisha wengine.

Keki haitibu udumavu. Udumavu huzuiwa kuanzia mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, kwa lishe ya mama, maziwa ya mama na mlo mchanganyiko. Hata hivyo, kwa mtoto aliyeanza shule, kitafunwa chenye yai, mtindi na matunda ni nafasi nyingine ya kumwongezea protini na madini ya chokaa, badala ya kumpa hela ya pipi.

Mahitaji ya keki 12

Andaa unga wa ngano vikombe viwili, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Weka pia sukari robo kikombe, mayai mawili, mtindi mzito usio na sukari kikombe kimoja na mafuta ya kula robo kikombe.

Kwa upande wa matunda, ponda ndizi mbili zilizoiva hadi ganda kuanza kuwa na madoa meusi. Ndizi za aina hiyo zina utamu wa kutosha, ndiyo maana sukari ni ndogo. Ongeza kikombe kimoja cha tunda lingine lililokatwa vipande vidogo, kama embe, tufaha au stroberi. Tunda lenye maji mengi lichujwe kwanza, vinginevyo keki itakuwa mbichi katikati.

Unaponunua unga, soma pakiti na uchague ulioongezwa virutubishi. Unga huo huwa na madini ya chuma na foliki asidi.

Namna ya kuoka

Changanya vitu vikavu kwenye bakuli moja. Kwenye bakuli jingine piga mayai, kisha weka mtindi, mafuta, sukari na ndizi. Mimina mchanganyiko huo kwenye unga na ukoroge kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, halafu uache. Ukikoroga sana keki zinakuwa ngumu. Malizia na vipande vya matunda.

Usiuache mchanganyiko ukae. Uchachu wa mtindi ukikutana na bekingi soda hutoa gesi papo hapo, na gesi hiyo ndiyo inayoinua keki. Jaza vikombe vya trei vilivyopakwa mafuta hadi theluthi mbili, kisha oka kwenye oveni yenye joto la nyuzi 190 kwa dakika 18 hadi 22. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, zimeiva.

Kwa nini keki hubonyea Uyole

Wengi hufuata vipimo walivyopewa na ndugu wa Dar es Salaam au walivyoviona mtandaoni, na keki hupanda vizuri kisha kubonyea katikati. Sababu mojawapo ni mwinuko. Uyole ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo gesi ndani ya keki hutanuka haraka kabla unga haujashikana. Maji nayo hukauka upesi.

Dawa yake ni kupunguza bekingi pauda. Kipimo kikisema vijiko viwili, anza na kimoja na nusu, na uongeze vijiko viwili vya chakula vya mtindi au maziwa. Vipimo vilivyotolewa hapa tayari vimezingatia hilo.

Wasio na oveni

Sufuria kubwa yenye mfuniko wa bapa inatosha. Weka mchanga mkavu chini, upashe moto, kisha weka trei au vikombe vya bati juu yake. Makaa machache yawe chini na mengi yawe juu ya mfuniko. Anza kuangalia baada ya dakika 25.

Kazi hii ifanyike nje au barazani. Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili lipashe chumba. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na imewahi kuua watu wakiwa usingizini.

Tahadhari kwa watoto

Maziwa ya kutengenezea mtindi yachemshwe kwanza. Kugandisha peke yake hakuui vijidudu vyote, vikiwamo vya homa ya brusela. Fahamu pia kwamba bakteria wazuri wa mtindi hufa kwenye joto la oveni. Protini na madini ya chokaa hubaki, lakini anayetaka faida ya bakteria hao ampe mtoto kikombe cha mtindi pembeni.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Kwa aliye chini ya miaka miwili, ondoa sukari na chumvi, weka ndizi ya tatu. Usitumie asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kwenye keki, kwa kuwa joto la kuoka haliui mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kupooza kwa watoto wachanga. Karanga nzima nazo zisiwekwe kwa watoto wadogo, zinaweza kuwakaba.

Keki moja na kikombe cha maziwa zinatosha kwa mapumziko ya saa nne. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga kwenye kontena, na zile zisizowekwa kwenye friji ziliwe ndani ya siku mbili.