NBA yapoteza watazamaji, bei yake yapanda

WAKATI idadi ya Wamarekani wanaokaa mbele ya televisheni kutazama fainali za mpira wa kikapu imeshuka hadi zaidi kidogo ya theluthi moja ya ile ya mwaka 1998, ligi ya mchezo huo, NBA, imeuza haki za kuonyesha mechi zake kwa bei ambayo haijapata kuiona tangu ianzishwe.

Juni 14, 1998, Chicago Bulls walipocheza na Utah Jazz mechi ya sita ya fainali, watu wapatao milioni 35.9 walikuwa wakitazama nchini Marekani pekee. Ndiyo mechi ambayo Michael Jordan alimpokonya mpira Karl Malone, akaupeleka upande wa pili na kufunga kikapu cha ushindi zikiwa zimebaki sekunde tano. Fainali nzima ya mwaka huo ilikuwa na wastani wa watazamaji milioni 29 kwa mechi. Fainali ya mwaka 2025 kati ya Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, pamoja na kwenda hadi mechi ya saba, iliambulia wastani wa milioni 10 na ushei.

Mwenye genge akiona wateja wamepungua kiasi hicho hushusha bei, au hufunga na kutafuta kazi nyingine. NBA imefanya kinyume. Julai 2024 ilitangaza mikataba ya miaka 11 na kampuni za Disney, NBC na Amazon yenye thamani ya takriban dola bilioni 76. Mikataba iliyotangulia, ya miaka tisa, ilikuwa ya dola bilioni 24. Kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja, ligi imetoka dola bilioni 2.7 hadi karibu bilioni 6.9.

Jibu la kitendawili hicho linaanzia kwenye ubishi ambao mashabiki wa kikapu hawauchoki: nani mchezaji bora wa nyakati zote?

Gunia la nani ni lumbesa?

Kwa wengi ubishi huo ni kati ya Jordan na LeBron James. Upande wa Jordan huhesabu pete: alifika fainali mara sita, akashinda zote sita, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali. LeBron amefika fainali mara 10 na kushinda nne. Upande wa LeBron hujibu kwa pointi. Februari 7, 2023 aliivunja rekodi ya pointi 38,387 ya Kareem Abdul-Jabbar, na mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza kufikisha pointi 40,000.

Mkulima anaweza kuuona upungufu wa hoja hizo upesi kuliko mashabiki wenyewe. LeBron aliingia NBA mwaka 2003 akitokea moja kwa moja sekondari, na msimu wa 2024/25 ulikuwa wa 22 kwake. Jordan alikaa chuo kikuu miaka mitatu kwanza, kisha akastaafu mara mbili katikati ya safari. Mmoja anahesabiwa mavuno yote ya shamba tangu lilipofyekwa, mwingine mavuno kwa eka. Na kwa eka Jordan anaongoza, kwani wastani wake wa pointi 30.1 kwa mechi ni mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote katika historia ya ligi hiyo.

Wazee nao wana la kusema. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, kati ya 1957 na 1969. Lakini alipoanza, ligi nzima ilikuwa na timu nane, na bingwa aliweza kupatikana kwa kushinda raundi mbili tu za mtoano. Leo timu ni 30 na raundi ni nne. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja Machi 2, 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, mbele ya watu 4,124. Televisheni haikuwepo, hivyo mechi inayotajwa katika kila ubishi hakuna aliyeiona isipokuwa hao wachache. Msimu huo timu moja ilirusha mpira kikapuni zaidi ya mara 100 kwa mechi. Siku hizi hairushi hata mara 90.

Kisha kuna mstari wa pointi tatu, ulioanza kutumika NBA mwaka 1979. Msimu wa kwanza timu ilijaribu mitupo ya mbali isiyofikia mitatu kwa mechi. Msimu wa 2024/25 ilikuwa zaidi ya 37. Jordan alifunga mitupo hiyo 581 katika maisha yake yote ya NBA. Stephen Curry alifunga 402 katika msimu mmoja tu wa 2015/16.

Kulinganisha watu hao kwa kusoma tarakimu ni kama kulinganisha magunia kumi ya viazi ya mkulima mmoja na manane ya jirani yake bila kuuliza ni ya nani yaliyokuwa lumbesa.

Simu si mchawi peke yake

Idadi ya watazamaji nayo ina lumbesa yake. Wanaodai kwamba zamani kila mtu alitazama kikapu husahau kwamba mwaka 1980, kijana Magic Johnson alipofunga pointi 42 na kuipa Los Angeles Lakers ubingwa, kituo cha CBS kiliionyesha mechi hiyo katika miji mingi usiku sana ikiwa imerekodiwa. Fainali ya kikapu haikupewa muda mzuri wa jioni ile.

Miaka ya Jordan ilikuwa kilele, na kilele hicho kilivunjika siku alipoondoka. Mwaka 1999, fainali ya kwanza baada ya yeye kuondoka, wastani ulishuka kutoka milioni 29 hadi 16. Mwaka 2003 ulikuwa chini ya milioni 10, na mwaka 2007 ulifika milioni 9.3. Wanaolaumu simu waangalie tarehe hiyo vizuri: fainali ya 2007 ilimalizika kabla simu ya kwanza ya iPhone haijaingia dukani. Miaka 10 baadaye, LeBron alipokutana na Curry na Kevin Durant, wastani ulipanda tena hadi milioni 20.4, ingawa wakati huo simu zilikuwa zimejaa mifukoni. Ukashuka hadi milioni 7.5 mwaka 2020, fainali ilipochezwa Oktoba bila mashabiki uwanjani kwa sababu ya janga la corona.

Kwa maneno mengine, wateja hawa hununua majina. Jina likiondoka, nusu ya gulio huondoka nalo.

Hata hivyo, soko lenyewe limebadilika. ESPN ilikuwa katika nyumba zipatazo milioni 100 mwaka 2011. Kufikia 2024 zilikuwa chini ya milioni 70, wengine wakiwa wamekata televisheni ya kulipia na kuhamia intaneti. Vijana hutazama vipande vya dakika mbili vya mechi badala ya saa mbili na nusu za mechi nzima. Shabiki wa Afrika Mashariki, ambaye fainali humkuta saa tisa na nusu alfajiri akiwa usingizini, naye huangalia vipande hivyo kukikucha, na haingii kabisa katika hesabu ya Wamarekani.

Jambo lisilosemwa sana ni wingi wa bidhaa. Kila timu ya NBA hucheza mechi 82 kwa msimu, jumla mechi 1,230 kabla ya mtoano. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ina mechi 272 tu, na mwaka 2023 ilichukua nafasi 93 kati ya vipindi 100 vilivyotazamwa zaidi katika televisheni za Marekani. Nyanya zikijaa sokoni kila siku, hakuna anayeamka mapema kuziwahi.

Wanunuzi watatu mlangoni

Kwa nini basi bei ikapanda? Kwa sababu kila kitu kingine katika televisheni kimeshuka zaidi. Tamthilia mtu huitazama saa anayotaka na kuyaruka matangazo. Mechi huharibika upesi: matokeo yakishajulikana, imekwisha thamani. Kwa mkulima wa nyanya, kuharibika kwa bidhaa humpa nguvu mnunuzi. Hapa imekuwa kinyume, kwani anayebanwa na muda ni mtazamaji. Ni lazima aje saa ile ile, na akija atakutana na tangazo la bia au gari. Watazamaji milioni 10 wanaokuja kwa pamoja wamekuwa adimu, na kilicho adimu hupanda bei hata kama kimepungua.

La pili ni idadi ya wanunuzi. Mkulima anayetegemea dalali mmoja hupangiwa bei. Wakifika watatu, anapanga yeye. NBC, iliyopoteza mechi hizo mwaka 2002, ilitaka kurudi. Amazon ilitaka wateja wa huduma yake ya video. Disney haikuwa tayari kuachia. Aliyepigwa kumbo ni Warner Bros. Discovery, mwenye kituo cha TNT kilichoonyesha NBA tangu miaka ya 1980. Alikwenda mahakamani Julai 2024, na Novemba wakapatana.

Katika mapatano hayo kulikuwa na kipengele cha kufurahisha. TNT ilikosa mechi, lakini kipindi chake cha mazungumzo, ambacho akina Charles Barkley na Shaquille O'Neal hukaa mezani wakibishana na kutaniana, kilipelekwa ESPN huku TNT ikiendelea kukitengeneza. Maana yake ni kwamba ubishi wenyewe una mnunuzi.

Na ni biashara nono, kwa kuwa gharama yake ni meza, viti na watu wanaojua kusema. ESPN ilipoonyesha filamu ya vipindi 10 kuhusu Bulls ya Jordan mwaka 2020, wakati michezo imesimama, vipindi hivyo vilikuwa na wastani wa watazamaji zaidi ya milioni tano. Septemba 2022 fulana aliyoivaa Jordan katika mechi ya kwanza ya fainali ya 1998 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 10.1. Viatu vya jina lake, alivyoanza na Nike mwaka 1984, viliiingizia kampuni hiyo dola bilioni 6.6 katika mwaka wa fedha ulioishia Mei 2023, miaka 20 baada ya yeye kucheza mechi yake ya mwisho.

Mgongano upo hapa: kila anayepiga kelele kwamba wa zamani walikuwa bora huuza viatu vya Jordan, lakini humwambia mteja kwamba bidhaa ya leo ni hafifu. Ligi inalijua hilo. Tangu msimu wa 2023/24 mchezaji asiyefikisha mechi 65 hawezi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kupata tuzo kubwa, lengo likiwa kuzuia nyota kupumzishwa huku shabiki ameshalipa kiingilio. Anayetazama nyumbani naye analipa zaidi, maana mechi za Amazon zinahitaji ada yake na nyingine zimegawanywa kwingine.

Fedha hizo zinaingizwa taratibu, kwa sababu zilishaleta kasoro. Mkataba wa awali ulipoanza mwaka 2016, ukomo wa mishahara ya timu uliruka ghafla kutoka dola milioni 70 hadi 94. Golden State Warriors, waliokuwa wametoka kushinda mechi 73, wakapata nafasi ya kumsajili Durant, wakabeba ubingwa miaka miwili mfululizo na wengi wakalalamika kwamba mashindano yamekwisha kabla ya kuanza. Safari hii ligi na chama cha wachezaji wamekubaliana ukomo usipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Msimu wa 2025/26, wa kwanza chini ya mikataba mipya, ulipanda kutoka dola milioni 140.6 hadi 154.6, yaani asilimia 10 kamili.