JE, WAJUA? Makao makuu ya Pwani hayaoni bahari

Ukishuka basi Maili Moja, Kibaha, usitafute mawimbi. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako bara, kwenye Barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 kutoka Dar es Salaam.

Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kama mradi wa pamoja wa nchi za Nordiki: shule, afya na kilimo mahali pamoja. Serikali ya Tanzania ilikabidhiwa mradi huo mwaka 1970.

Upande wa Kisarawe, mkoani humo humo, popo wamejitwalia mahandaki ya zamani ya kaolini kwenye vilima vya Pugu. Jua likizama hutoka kwa maelfu!

Kibaha tena, Kwa Mfipa: vyama vya siasa vya CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF vilianzisha shule moja ya uongozi, iliyofunguliwa 2022.