BANGI, PUPA NA USAHAULIFU

Tunapotembelea vikundi, wazazi wengi hutuuliza: "Huyu kijana alikuwa mwerevu. Siku hizi ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja. Ni ujeuri ama ni bangi?" Leo tuliangalie jambo hili polepole.

Usahaulifu
Kila mtu ana kama ubao mdogo kichwani. Ukitumwa sukari, kiberiti na sabuni, na urudishe chenji, unaandika yote pale, unayatumia, halafu unafuta. Bangi huufuta ubao huo kabla kazi haijakwisha. Ndiyo maana mvutaji huanza hadithi akaiacha katikati.

Pupa
Ubao huohuo hutusaidia kujizuia. Mwenye pesa za kikundi mfukoni lazima ashikilie mawazo mawili pamoja: raha ya sasa na deni la kesho. La kesho likifutika, linabaki la sasa tu. Tena, sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia, hukomaa mwisho, karibu na miaka 25. Kuanza bangi ukiwa na miaka 14 ni kama kuingiza ng'ombe shambani mahindi yakiwa ndiyo yanachipuka.

Lakini tusiseme ati kila pupa imeletwa na bangi. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, wachunguzi walifuata maisha ya watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka wa 1972 na 1973. Wale walioshindwa kujizuia utotoni ndio walioelekea zaidi kuwa watumwa wa madawa ya kulevya walipofika miaka 32. Basi pupa humvuta kijana kwa bangi, nayo bangi yaweza kumwongezea pupa.

Kikundi kifanye nini?
1. Msihukumu haraka. Njaa, kukosa usingizi, huzuni na magonjwa pia huleta usahaulifu. Mkae naye, mumwulize.
2. Mpeni kazi moja moja, aandike kwenye daftari. Pesa zishikwe na watu wawili.
3. Mpeni moyo. Kwa wengi, akili hupata nafuu baada ya wiki kadhaa za kuacha kabisa. Siku mbili hazitoshi, kwa hiyo msikate tamaa mapema.
4. Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali kwanza.

Ushauri wa bure hupatikana kwa simu ya NACADA, nambari 1192.

Kumfukuza kijana kikundini ni rahisi. Lakini akitoka kwetu, ni nani atampokea? Ni walewale wanaomuuzia.

Maswali ya kujadili
- Watoto wetu wanajifunza wapi kungoja na kujizuia: nyumbani, shuleni, ama hakuna?
- Kuna kijana gani tuliyemwacha, na ni nani kati yetu atakayemwendea wiki hii?