Bugenvilia hunawiri kwa maua inapohisi kiu

Wakazi wengi wa mijini waliopanda bugenvilia ili iparamie ukuta au izibe mianya ya ua hulalamika kwamba mmea umejaa majani mabichi lakini hautoi maua. Mara nyingi kosa haliko katika mche wala udongo, bali katika ukarimu wa mwenye bustani.

Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Philibert Commerson, aliukuta nchini Brazil mnamo 1767 akiwa katika msafara ulioongozwa na Louis-Antoine de Bougainville, na jina la kiongozi huyo ndilo mmea uliopewa. Kinachovutia macho, kiwe cha zambarau, chekundu au cheupe, si ua hasa. Ni majani yaliyogeuka rangi, mepesi kama karatasi, yanayozunguka vijiua vidogo vya katikati.

Bugenvilia huchanua zaidi inapohisi kiu, ndiposa hupamba barabara za Nairobi na Mombasa hata nyasi zikiwa zimenyauka. Mche mchanga humwagiliwa mara kwa mara hadi ushike mizizi. Baada ya hapo, maji yatolewe tu pale udongo unapokauka kwa kina cha kidole. Anayeumwagilia kila jioni pamoja na nyasi huuchochea urefushe matawi na kuahirisha maua, na maji yakituama, mizizi huoza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta hasara iyo hiyo. Aidha, mmea huhitaji jua kwa angalau saa sita kila siku. Kivulini, hakuna matunzo yatakayoufaa.

Kipandikizi hukatwa kutoka kwa tawi lililoanza kukomaa, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na wakati mwafaka ni mwanzo wa mvua. Hatari kubwa huwa siku ya kuhamisha mche. Mizizi yake ni myembamba na haipendi kusumbuliwa, hivyo karatasi ya plastiki ichanwe kwa wembe na bonge la udongo lisivunjike. Miche mingi hufa katika hatua hii, kisha muuzaji akalaumiwa bure.

Tofauti na mimea inayojinatisha ukutani yenyewe, bugenvilia hujiegemeza tu kwa miiba yake. Sharti ifungwe kwa kamba laini kwenye waya au mbao, mbali na nyaya za umeme. Ipogolewe maua yanapokwisha, kwa kuwa maua mengine hutokea kwenye machipukizi mapya. Anayepitisha mkasi kila wiki ili ua wake unyooke huyakata kabla hayajazaliwa.

Glavu nene zivaliwe wakati wa kupogoa, na matawi yaliyokatwa yaondolewe mara moja, kwani miiba iliyokauka hupenya hata soli za malapa.