Namba Moja, Lakini ya Chati Gani?

Rungwe na Mlima Mbeya watuwie radhi: mlima wa Tanzania uliopanda juu zaidi kwenye chati za Marekani ni Kilimanjaro. Tarehe 5 Februari 1983, wimbo "Africa" wa bendi ya Toto, unaoutaja mlima huo, ulishika namba moja kwenye Billboard Hot 100. Ulikaa kileleni wiki moja tu, lakini ndiyo namba moja pekee ya Toto kwenye chati hiyo. "Rosanna", uliotoka kwenye albamu hiyohiyo, uligota namba mbili.

Taji la ramani mbovu nalo naukabidhi wimbo huohuo. David Paich aliutunga pamoja na Jeff Porcaro kabla hajakanyaga Afrika, na Kilimanjaro akauweka juu ya Serengeti. Kati ya mlima na mbuga kuna zaidi ya kilomita 200. Ni sawa na kusimama juu ya jiwe la Gangilonga, Iringa, ukaapa kwamba unauona Mlima Mbeya.

Rekodi ya ajabu kuliko zote ni ya Weezer, bendi ya roki mbadala ya Los Angeles. Mwishoni mwa 2017 shabiki mmoja kijana alianza kuwaandama mtandaoni wauimbe "Africa". Wakamtania kwanza kwa kutoa "Rosanna", kisha tarehe 29 Mei 2018 wakatoa "Africa" yenyewe. Walichokifanya kwa mzaha kikaenda kushika namba moja kwenye chati ya Billboard ya roki mbadala mwezi Agosti, mara yao ya kwanza kufika hapo tangu "Pork and Beans" ya 2008. Miaka kumi ya kutunga nyimbo zao wenyewe, halafu wanaokolewa na wimbo wa watu! Toto walilipa fadhila kwa kuimba "Hash Pipe" ya Weezer.

Ila kwenye Hot 100 kibao hichohicho kiliishia namba 51. Chati ya roki mbadala ilihesabu kupigwa kwenye redio za muziki huo tu, wakati Hot 100 huchanganya redio zote, mauzo na usikilizaji wa mtandaoni. Kwa hiyo mtangazaji wa Iringa au Mbeya akikutangazia "namba moja Marekani", muulize ya chati gani. Cheo cha juu kabisa cha Weezer kwenye Hot 100 ni namba 10, walichopata kwa "Beverly Hills", kibao cha 2005.

Wimbo uliokusudiwa kupigwa muda mrefu kuliko wote? Ni "Africa" tena. Mwaka 2019 msanii Max Siedentopf alisimika spika zinazotumia umeme wa jua katika jangwa la Namib, ziupige bila kukoma. Wasikilizaji ni mchanga.

Mbeya yenyewe ina mwanamuziki Rayvanny, mzaliwa wa 1993. Mwaka 2017 alipata tuzo ya BET iliyopigiwa kura na watazamaji. Mwaka 2019 akatoa "Tetema" akiwa na Diamond Platnumz, na Novemba 2021 alipanda jukwaa la tuzo za MTV EMA mjini Budapest na mwimbaji Maluma kuimba "Mama Tetema". Safari hii mgeni ndiye aliyeufuata wimbo wa Mtanzania, Mkolombia kwa kijana wa Mbeya. Kwenye daftari langu hilo linaipita namba 51 ya Weezer, na ile namba moja yao pia.