Wanunuzi wa mawese wajihadhari na kamera pepe

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam anayetaka mawese ya Simbo, mkoani Kigoma, halazimiki tena kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati ili akague mzigo. Anaweza kumpigia muuzaji kwa video, akaonyeshwa madumu, kisha akatuma malipo ya awali kwa simu.

Njia hiyo huokoa nauli na muda. Hata hivyo, mnunuzi afahamu kwamba picha anayoitazama huenda haitoki ghalani wakati huo.

Inavyofanya kazi

Programu ya mazungumzo kama Zoom ikifunguliwa kwenye kompyuta, hutafuta kamera zilizopo. Zipo programu nyingine zinazojitambulisha kwake kuwa ni kamera, ingawa hazina lenzi. Hizo ndizo kamera pepe.

Mojawapo ni OBS Studio, iliyoanza mwaka 2012 na inayotolewa bure. Kamera pepe iliingizwa ndani yake katika toleo la 26, mwaka 2020. Mwenye kompyuta huipa picha anayotaka: ya kamera halisi, ya maandishi, au video iliyorekodiwa mwaka jana. Kwa anayetazama upande wa pili, zote huonekana kama picha ya moja kwa moja.

Faida na hatari

Kwa kikundi cha wakamuaji, hii ni nyenzo nzuri. Kwa kompyuta moja na kamera mbili, kinaweza kumwonyesha mteja mashine ya kukamulia, dumu likiwa kwenye mzani na orodha ya bei, bila kukata mazungumzo.

Tapeli naye anaweza kurusha video ya ghala la mtu mwingine. Hata kampuni kubwa zimewahi kudanganywa kwa video. Mwaka 2024 ilifahamika kuwa mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alituma takriban Dola za Marekani milioni 25 baada ya mkutano wa video ambao sura za wakubwa wake zilikuwa zimetengenezwa kwa kompyuta.

Kinga

Video iliyorekodiwa haiwezi kutii agizo. Hivyo basi, mnunuzi atoe agizo la ghafla: muuzaji aandike kwa chaki jina la mnunuzi na tarehe kwenye dumu la tatu, alifungue na kumimina mawese kidogo. Anayenunua miche ya michikichi aina ya Tenera achague mwenyewe mche wa kutolewa kwenye mstari.

Muuzaji akisingizia mtandao kila anapoombwa hivyo, fedha zisitumwe. Kwa mzigo mkubwa, ni vyema kumtuma mtu anayeaminika afike Simbo aushike kwa mkono.

Muuzaji mwaminifu naye asichukie kupimwa. Mnunuzi akitapeliwa kwa jina la mawese ya Simbo, atakayekosa soko msimu ujao ni mkulima ambaye hakumdhulumu mtu.